Forodhani usiku mmoja tu: tule nini?

Mgeni wa Dar: Wakuu, Ijumaa napanda boti kwenda Unguja na mke wangu, tunalala usiku mmoja. Pale Forodhani, kwenye bustani ya vyakula vya usiku Mji Mkongwe, tuanze na nini? Yeye pweza hagusi.

Mtoto wa Malindi: Karibuni sana. Samaki waliopangwa mezani msiwakimbilie, wengine hupashwa tu moto. Mimi huanza na urojo: mchuzi mzito wa unga na manjano, uchachu wa embe mbichi, ndani viazi, bajia, kachori na mishikaki, juu chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Pilipili mwambie akuwekee pembeni! Mwaka niliooa nilijifanya jasiri, nikamaliza glasi tatu za juisi ya miwa huku machozi yananitoka mbele ya mashemeji. Mpaka leo wananiita Bwana Pilipili.

Mgeni wa Dar: Hahaha, pole mkuu! Miwa wanakamua palepale?

Mtoto wa Malindi: Palepale, pamoja na ndimu na tangawizi. Fikeni kabla ya magharibi, mkae ukutani muwatazame vijana wakijirusha baharini. Na bei muulize kabla hamjaagiza.

Bi Mkubwa: Urojo bila pilipili? Huo uji.