Ameziba pua kwa leso huku anatafuna dagaa wangu, halafu anataka heshima

Ndugu zangu, ninaandika mkono ukitetemeka. Yule bwana wa mtaani kwetu, ambaye Kirumba nzima inamjua kwa kile kiti alichokikalia hadi miguu ikazama ardhini, leo mchana amejiziba pua kwa leso mbele ya wageni na kuniambia nisogee kwa sababu ninanuka dagaa, ilhali mdomoni alikuwa bado anatafuna dagaa niliowaanika, nikawakaanga na kumpakulia mimi mwenyewe.

Nilikuwa Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa hapa Mwanza, tangu saa kumi alfajiri. Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka huishia kuwa chakula cha kuku, kwa hiyo wingu likitanda ninakimbia. Yeye si mgonjwa, wala hajakosa kazi, ameikataa. Nilimwomba akae tu kando ya kichanja afukuze kunguru, akajibu kwamba jua ni kali. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 25, inaiita kazi kipimo cha utu. Huyu amepima nini? Na ile leso, ndugu zangu, niliifua mimi juzi kwa sabuni yangu! Shikamoo nimempa miaka yote kwa ajili ya mvi zake, lakini leo ameishika leso puani kwa vidole vinavyong'aa mafuta ya dagaa wangu.

Mwana wa Igogo: Pole, dada. Hata hivyo, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa sahani, ukamfulia na leso, sasa unatulilia sisi.

Mchuuzi wa Mwaloni: Ningemnyima chakula mbele ya wageni? Alitafuna huku ameziba pua!

Mvuvi wa Ukara: Tusiwahukumu wote wanaoonekana wamekaa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zetu hazivuti dagaa, nasi hupandisha mitumbwi ufukweni siku kadhaa. Mwezi uliopita mama mkwe alimtuma mtoto aniulize kama nimeacha kazi, nami nilikuwa nimeinamia wavu ninaushona. Maneno yale yameniuma hadi leo.

Mama wa Buhongwa: Wewe una mbalamwezi ya siku chache, baba. Mimi nina shemeji ambaye mbalamwezi yake haijatua tangu 2019. Anaamka saa nne, anauliza kuna nini cha kunywa, kisha anatufundisha sebuleni namna ya kuendesha biashara.

Mwana wa Igogo: Huyo wako anaongoza. Wa kwangu hulala kabisa, angalau hatoi ushauri.

Mchuuzi wa Mwaloni: Jamani, naomba turudi kwenye leso.

Mama wa Buhongwa: Tutarudi, dada yangu. Kwanza nimalizie ya shemeji, maana jana nimetoka sokoni na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, naye akaniuliza bila kuinuka kwa nini chai imechelewa.