Siku moja Uholanzi: Rijksmuseum au Mauritshuis?

MtotoWaTandika: Wakuu salama? Mwezi ujao nina siku moja tu Uholanzi, nataka kuona mambo ya ile karne ya 17, wachoraji Rembrandt na Vermeer, meli za VOC (ile kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki). Nikate tiketi ya makumbusho ya Rijksmuseum Amsterdam au Mauritshuis Den Haag? Nalipia leo usiku.

Mamu_Safari: Unatokea wapi? Viza ya Schengen unayo au uko transiti? Uko na nani? Mnauliza nusunusu halafu tupige ramli.

Kobello: Rijks bana. Ile picha ya Rembrandt, Walinzi wa Usiku ya 1642, imejaa ukuta mzima, na hapo ni baada ya kukatwa pembeni 1715 ili itoshe ukumbi wa jiji. Yaani Rembrandt kakatwa kama zulia!

Dada_Zuhra: Mauritshuis. Ni ndogo, masaa mawili umemaliza, na ile picha ya Vermeer ya binti wa hereni ya lulu iko pale. Ila tiketi kata kwao wenyewe, mimi nilipitia tovuti moja ya walanguzi wakanipiga karibu mara mbili, kufika mlangoni msimbo unakataa, kupiga simu inaita tu, nikakaa nje kwenye mvua nimeshika simu mpaka chaji ikaisha na hela hadi leo sijarudishiwa.

Mpemba_Asili: Mnasifia rangi, hela ilitoka wapi? 1621 Coen, mkuu wa VOC kule Asia, aliwamaliza karibu watu wote wa visiwa vya Banda, Indonesia, kisa kungumanga. Mikarafuu VOC wakaikata visiwa vingine vya huko ibaki Ambon, bei isishuke. Na huyo Johan Maurits mwenye hiyo nyumba ya Mauritshuis, gavana wa Waholanzi Brazil, ndiye aliyetuma jeshi kuiteka ngome ya Elmina, Ghana ya leo, 1637, walikuwa wanataka watumwa wa mashamba ya miwa Brazil.

Kobello: Shehe, mtu kauliza tiketi.

Mpemba_Asili: Nami namwambia anaenda kuangalia nini.

Fundi_Saa: Shukeni Leiden, iko njiani kati ya Amsterdam na Den Haag. Makumbusho ya sayansi ya Boerhaave kuna hadubini za Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, vijibamba vya chuma vinavyoenea kiganjani, ndivyo alivyoonea bakteria. Kuna na saa za mwanasayansi Huygens.

MtotoWaTandika: Viza ipo, natokea Düsseldorf na wanangu, 5 na 8.

Mamu_Safari: Si ungesema! Kote kuwili chini ya 18 hawalipi. Ila wa miaka 5 na picha wapi na wapi, wapeleke makumbusho ya meli Amsterdam, Scheepvaartmuseum, wapande meli ya mfano ya VOC.

Mpemba_Asili: Meli halisi yenyewe ilikwama karibu na Hastings, Uingereza, 1749, safari ya kwanza tu.

Kobello: Karafuu kilo shingapi huko msimu huu?