Serikali ilipie malezi ya watoto wadogo, au kila mtu na wake?

Kipepeo Mweupe
Naanzisha. Quebec, jimbo la Kanada, walianza mwaka 1997: wakati huo mzazi alilipa dola 5 kwa siku, kilichobaki kililipwa na serikali. Mwaka 2021 Kanada nzima ikaahidi kushusha hadi wastani wa dola 10. Hoja yao ni kwamba mama akirudi kazini, kodi yake inarudisha sehemu ya gharama. Sasa, serikali iige hivyo, au hizo fedha wapewe wazazi mkononi waamue wenyewe?

Mzee Kobe
Mkononi. Mtoto wa miezi kumi anataka nini zaidi ya kubebwa na kubadilishwa nepi? Kazi hiyo haihitaji cheti, sembuse bajeti ya taifa. Sisi tulilelewa na bibi na tuko wazima. Hata Marekani, Rais Reagan aliikataa sheria ya namna hiyo.

Mlezi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu. Ila hapo kwenye nepi umenigusa. Nina miaka tisa kwenye kazi hii. Jana peke yangu nilikuwa na wanane walio chini ya miaka miwili: mmoja anaumwa sikio, mmoja anang'ata wenzake, mmoja kapaliwa. Aliyepaliwa unamshikaje? Unamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, unampiga mgongoni mara tano. Au hiyo nayo bibi alizaliwa akiijua?

Mzee Kobe
Marahaba. Bibi yangu alilea kumi na mmoja.

Hesabu Kali
Na wangapi walifika miaka mitano? Halafu si Reagan, ni Nixon, 1971. Alisema sheria ile ingeiweka serikali upande wa malezi ya pamoja dhidi ya familia.

Mzee Kobe
Wewe kijana, nani kakuita kwenye makaburi ya ukoo wangu?

Hesabu Kali
Samahani kwa marehemu, mzee. Lakini bibi umemleta wewe kama ushahidi, na shahidi huulizwa.

Baba Mapacha
Acheni bibi za watu. Kuna utafiti wa Perry, kule Michigan, Marekani, miaka ya sitini. Watoto maskini waliopata chekechea nzuri walifuatiliwa hadi utu uzima. Wakaonekana kukamatwa na polisi mara chache na kupata kipato kizuri kuliko wenzao. Mnataka nini tena?

Hesabu Kali
Walikuwa 123 tu, na hapo umehesabu hata wasioipata hiyo chekechea. Walimu walikuwa wamesomea, na waliwatembelea nyumbani kila wiki. Nitajie serikali inayofanya hivyo kwa mamilioni. Tennessee chekechea za jimbo zilifanyiwa utafiti: kufika darasa la sita, waliosoma humo walikuwa nyuma ya waliokosa nafasi. Na Quebec hiyohiyo mnayoisifia, wachumi Baker, Gruber na Milligan walikuta akina mama wengi wameingia kazini, sawa, lakini watoto wana uchokozi na wasiwasi zaidi.

Mlezi wa Zamu
Si ndicho ninachosema! Mnashusha bei kwa mzazi, mshahara wa mlezi mnauacha palepale, kisha mnashangaa mtoto kawa mchokozi. Mimi mwenyewe kwa wanane nilikuwa mchokozi.

Dada wa Alfajiri
Mada nzima ni mama, mama, mama. Baba kasafiri? Uswidi tangu 1974 likizo ya mzazi ni ya wote wawili. Leo ni siku 480, na 90 kati yake ni za kila mmoja, usipozichukua zinapotea.

Baba Mapacha
Dada, kabla hujatutukana wote: mapacha wangu nawapeleka mimi, nawarudisha mimi, na nywele nasuka mimi.

Dada wa Alfajiri
Sikukutaja. Ila tuone hizo nywele.

Baba Mapacha
Hazihusiani na sera.

Kipepeo Mweupe
Jamani, swali langu. Fedha mkononi au kituo?

Dada wa Alfajiri
Ufini wanatoa vyote. Ukitaka nafasi kituoni ni haki yako; ukibaki na mtoto nyumbani mpaka atimize miaka mitatu, unalipwa posho. Kinachotokea? Wanaobaki nyumbani ni wanawake, tena wenye mishahara midogo, na kurudi kazini ni shida. Huo uhuru wa kuchagua una jinsia.

Hesabu Kali
Au wanapenda kukaa na watoto wao. Hilo mbona halina nafasi kwenye hesabu yako?

Dada wa Alfajiri
Kaa wewe miaka mitatu, uje tuhesabu.

Mzee Kobe
Mlezi, mara tano mgongoni. Isipotoka?

Mlezi wa Zamu
Kwa aliye chini ya mwaka, unamgeuza chali, kichwa bado kiko chini, unamkandamiza katikati ya kifua mara tano. Kisha unarudia mgongoni, na mtu mwingine apige simu ya dharura. Kwani kuna nini, mzee?

Mzee Kobe
Hakuna. Nimeachiwa mjukuu hadi saa kumi na moja. Ana miezi saba, kila kitu mdomoni.