Gozi ya uke kwa mtoto wa upasuaji: inafanywaje, na inafaa?

mama_kijacho: Habari wadau. Upasuaji umepangwa wiki ya 39. Nasikia mtoto anaweza kupakwa majimaji ya uke kwa gozi (kitambaa chepesi cha hospitali) ili apate bakteria wa mama. Hatua zake ni zipi? Naweza kujifanyia mwenyewe wodini?

mkunga_mstaafu: Pole na hongera, dada. Katika utafiti wa Puerto Rico uliochapishwa 2016, gozi safi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali ilikaa ukeni saa moja, ikatolewa kabla ya kukata. Ndani ya dakika 2 tangu kuzaliwa, mtoto alipanguswa midomo kwanza, kisha uso, kifua, mikono, miguu na mgongo. Waliopakwa walikuwa watoto 4 tu! Tena mama zao walipimwa kwanza: wasiwe na streptokoki wa kundi B (bakteria hatari kwa kichanga), na pH ya uke (kipimo cha uchachu) iwe chini ya 4.5. Watu hukumbuka gozi, vipimo wanavisahau. Streptokoki huyo hukaa ukeni bila dalili yoyote, na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri hutoka hata pasipo kidonda. Usijifanyie. Chama cha madaktari wa uzazi Marekani (ACOG) kilisema 2017 isifanywe nje ya utafiti.

maabara_ya_utumbo: Naongeza: hata ikifanywa vizuri, gozi inalenga pasipo. Bakteroidi, yaani bakteria wa utumbo wanaokosekana kwa watoto wa upasuaji, hutoka utumbo wa mama, si ukeni. Ndiyo maana watafiti wa Helsinki, Ufini (2020) walitumia kinyesi cha mama mwenyewe, kiasi kidogo mno ndani ya maziwa yake. Kati ya mama 17, waliopita mchujo wa vipimo ni 7. Hilo nalo si la nyumbani hata kidogo.

mama_kijacho: Sasa nifanye nini? Nikatae antibayotiki ya upasuaji, isije ikaua bakteria hao?

mkunga_mstaafu: Hapana, usiikatae. Inazuia kidonda chako na mfuko wa uzazi kuoza. Ukichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, omba mapema waya za kupima moyo zibandikwe mabegani, kifua kibaki wazi, mtoto alazwe hapo ngozi kwa ngozi. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a ikiwa matone tu, kamua kwa mkono kwenye kijiko. Asioge kabla ya saa 24. Wala maji ya glukosi asipewe bila sababu ya daktari: sukari za maziwa ya mama ndizo chakula cha bifidobakteria (bakteria wazuri wa utumbo wa mtoto), na bakteria wageni wa wodini hawazipendi sana.