Naomba shauri: akili bandia na moto huku Bukavu

Jambo bandugu. Huku Kadutu na Nyamugo nyumba za mbao zimekamatana, moto ikiwaka kwa moja unashtukia ishafika kwa jirani ya tatu, na gari ya zimamoto haipiti mu vile vichochoro. Sasa tuko kikundi ya bavijana, tunafikiria akili bandia. Kule California tangu 2023 CAL FIRE (zimamoto ya jimbo) banaitumia ku kamera zaidi ya 1,000 za ALERTCalifornia (kamera za kuchunga moto ku milima na mapori), mara ingine inaona moshi hata mbele mutu apige simu. Lakini ile ni ya pori, huku moshi ya makala (makaa ya kupikia) iko kila saa, si itapiga kelele kutwa nzima?

Sisi tunataka mutu atume sauti ku WhatsApp, Kiswahili ao Mashi (luga ya Bashi ba huku), programu itafute fasi (“nyuma ya kanisa, chini ya ngazi”) ju nyumba nyingi hazina namba, njo iamshe benye kuwa karibu. Programu gani inasikia Mashi? Na usiku kura (umeme) ikikatika simu zinazima, na ikirudi njo moto inaanza!

Mwenye alishajaribu, Goma ao Lubumbashi, tuanzie wapi? Ao ile franga kidogo tununue kwanza motopompe (pampu ya maji ya moteri)? Mi naona motopompe, benzangu banakataa kabisa.