Mwanangu anakaza miguu, nimpeleke akakandwe?

BintiKisauni: Hamjambo wenzangu. Mwanangu alizaliwa wiki ya 30, kilo 1.4. Sasa ana miezi mitano. Nikimvisha nepi miguu inapishana kama mkasi, na ngumi hazikunjuki. Daktari ataka apigwe picha ya ubongo kupitia utosi. Mama mkwe asema nimpeleke Mtwapa kwa bibi anayekanda. Mwanishauri vipi?

MamaPachaLikoni: Pole shoga. Pacha wangu niliwazaa wiki ya 33, nikiwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, baba yao akinipokea usiku. Leo nawakimbiza hadi feri. Mbebe sana.

AbuMvita: Mama zetu wakiwa na mimba hawakuinua ndoo. Nyinyi hamtulii.

MkungaMstaafu: Mwanangu, chupa ilipasuka lini? Ulikuwa na homa?

BintiKisauni: Mimba ilikuwa ya kawaida tu.

MkungaMstaafu: Sikukuuliza hilo.

BintiKisauni: Jumatatu. Nilijifungua Ijumaa. Maji yalichuruzika kidogo kidogo, nikadhani mkojo. Jumatano homa ikapanda. Mume alikuwa safarini, hela sina. Hospitali niliwaambia yametoka asubuhi ile ile. Msinihukumu. Na bibi wa Mtwapa nishampa elfu mbili.

KijanaTudor: Uzi wa kutunga huu. Siku nne maji yatoka, mtu yuko nyumbani? Na amejiunga jana!

MamaPachaLikoni: Mimi nilikaa siku mbili. Wewe umezaa lini?

AbuMvita: Hata mimi nina shaka.

BintiKisauni: Laiti ingekuwa ya kutunga. Amelala hapa mbele yangu, ngumi kafumba.

MkungaMstaafu: Mwacheni. Nimeyaona haya wodini. Chupa ikikaa wazi, vijidudu hupanda hadi kwenye mji wa mimba. Mwili wa mama na wa mtoto hupigana navyo, na kemikali za vita hivyo zaweza kuunguza nyuzi changa za ubongo, hasa kabla ya wiki ya 32. Si kila mtoto hudhurika. Ungewahi, ungepewa antibiotiki, sindano ya kukomaza mapafu, na magnesiamu ya kukinga ubongo. Yameshapita hayo. Picha haimuumizi, ila yataka utosi ungali wazi. Msuli uliokazwa na ubongo haulegezwi kwa kukandwa kwa nguvu, atamuumiza. Aanze mazoezi ya fiziotherapia mapema. Na miezi yake toa zile wiki 10 alizowahi, usimlinganishe na wa jirani.

BintiKisauni: Kliniki ni Alhamisi. Nikimwambia daktari ile Jumatatu, ataiandika kwenye faili?

MkungaMstaafu: Ataiandika. Mwambie na homa ya Jumatano.