Kichwa cha risasi kikae wapi kwenye ganda? .308 yangu inanichanganya

Msukuma_Baridini:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Niko kaskazini mwa Minnesota, juu kidogo ya Duluth. Mwaka jana nilianza kujaza risasi mwenyewe kwa ajili ya kulungu wa Novemba. Bunduki ni .308 Winchester ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), mtutu mwembamba wa kuwindia, vichwa vya uzito wa greni 165 vyenye ncha ya risasi laini. Baruti nimefuata kitabu, niko katikati ya kiwango wala sijagusa juu. Shida ni urefu. Kitabu kinasema inchi 2.800 kwa risasi nzima. Nikapiga tatu kwa yadi 100: kundi la inchi 1.8, yaani umbali kati ya matundu yaliyoachana zaidi. Nikazamisha kichwa hadi 2.780: inchi 0.9! Nilifurahi hadi nikampigia shemeji yangu. Jumamosi iliyofuata, risasi zilezile, uwanja uleule: 1.6.

Nikasoma mahali kwamba siri ni kichwa kuigusa raiflingi (ile mifereji ya ndani ya mtutu) kabisa. Nikatengeneza tano za 2.890. Magazini ikazikataa, nikaingiza moja kwa mkono na bolti ikafunga kwa nguvu kidogo. Jua likazama sijapiga. Kuvuta bolti nitoe risasi, likatoka ganda peke yake! Kichwa kimebaki mtutuni, baruti yote imemwagika ndani ya magazini na kwenye njia ya bolti, vijiti vyeusi kama vipande vya risasi ya penseli. Nilizichokoa usiku mzima kwa brashi ya meno, mama watoto akiniuliza kama hii ndiyo nyama niliyomwahidi.

Sasa nianzie wapi?

Kamba_Houston:
Pole bro, hiyo ya baruti imenitokea pia. Kwanza jua raiflingi yako inaanzia wapi, hiyo 2.890 ulibahatisha tu. Chukua ganda tupu lililopigwa, bila baruti wala fataki (kile kiwashio cha kitakoni), bana mdomo wake kidogo ushike kichwa kwa ulegevu, paka kichwa maka peni nyeusi, kiache kirefu, ingiza, funga bolti polepole. Raiflingi itakisukuma ndani. Toa taratibu, pima. Ukiona mikwaruzo minne au sita kwenye wino, hapo ndipo kilipogusa.

Mzee_wa_Pongwe:
Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Tanga, ila miaka mingi sasa nipo Idaho, na mkate wangu ulikuwa kukereza chuma. Kwa hiyo unisamehe, nitaanza na kupima, maana naona unapima kitu kisicho chako.

Chukua vichwa vitano kwenye boksi lako, vile vya ncha laini. Vitazame. Kimoja ncha imebonyea, kingine kina kidoti kimejikunja. Sasa wewe unaweka kalipa, kipimio chako, kwenye ncha ile na kusema "2.780". Presi, ile mashine ya kukita kichwa, haisukumi ncha, inashika begani mwa kichwa, pale kinapoanza kunenepa. Na raiflingi nayo inakutana na bega hilohilo, ncha haina habari nayo. Nunua kile kijikombe chenye tundu kinachofungwa kwenye kalipa, upime kutoka kitako cha ganda hadi begani. Boksi lile lile lililokuwa likikupa tofauti ya inchi 0.010 kwenye ncha, utaona begani tofauti imeshuka sana. Urefu wa ncha uutumie kwa jambo moja tu: magazini itakubali au haitakubali.

Njia ya Kamba ni nzuri, ila ganda linaweza kukivuta kichwa kidogo wakati wa kutoa ukadanganyika. Mimi natumia ufito. Hakikisha bunduki ni tupu, angalia kwa jicho na kwa kidole. Funga bolti ikiwa imekokwa, ili pini isichomoze. Ingiza ufito wa kusafishia wenye kichwa bapa kutoka mdomo wa mtutu hadi ugonge uso wa bolti, tia alama kwa wembe hapo mdomoni. Toa bolti. Dondosha kichwa kimoja chemba, pale risasi inapokaa, kishikilie kwa penseli kiguse raiflingi, usikisukume, kiguse tu. Rudisha ufito hadi ncha, tia alama ya pili. Umbali baina ya alama ndio urefu wa risasi inayogusa. Rudia mara tano kwa kichwa hichohicho. Mkono wako ukiwa mzito utaona namba zinacheza. Ukitulia zitakaa pamoja.

Hayo ya "gusa raiflingi" yatokako nayajua. Wapiga shabaha wa mezani wanaweka risasi moja moja na hawamkimbilii mnyama gizani. Wewe una magazini, na usiku ukiingia lazima utoe risasi salama. Tena kichwa kikishikwa na raiflingi kabla ya kuondoka, mgandamizo unapanda. Usiende huko na baruti ileile.

Na upande wa pili una hatari yake: ukizamisha kichwa unakula chumba cha baruti, mgandamizo unapanda pia. Kitabu chako kilipima kwa 2.800. Ukienda chini ya hapo, anza na baruti ya chini kabisa ya kitabu, na utazame: bolti nzito kuinua, fataki iliyobapa na kumwagika kingo. Ukiona moja, simama, usimalize boksi.

Nipe kwanza namba zako mbili: inapogusa, na magazini inapokomea.

Msukuma_Baridini:
Mzee asante sana. Ufito, mara tano: 2.863 hadi 2.867. Nimechukua 2.865. Magazini inapitisha 2.830 bila kukwaruza. Kumbe ile 2.890 niliikita inchi 0.025 ndani!

Mzee_wa_Pongwe:
Basi ndio maana mtutu ulikula kichwa ukakuachia ganda.

Mwanya wako mdogo unaowezekana kati ya kichwa na raiflingi ni inchi 0.035, magazini imeshaamua. Tengeneza urefu nne: 2.830, 2.805, 2.780, 2.755. Hatua za inchi 0.025, kubwa. Vijana wanapenda kusogeza sehemu tatu tatu za elfu ya inchi, na kwa mtutu mwembamba huo watakuwa wanasoma upepo na mapigo ya moyo wao. Tano tano, baruti moja kwa zote, ile ya chini. Weka shabaha nne kwenye ubao. Piga moja ya kwanza, moja ya pili, ya tatu, ya nne, kisha urudi mwanzo. Mtutu ukipata joto, shabaha zote zilipate sawa. Ukimaliza mzunguko, kunywa chai.

Ile 0.9 yako ilikuwa risasi tatu. Kwa risasi tatu hata mimi ninayetetemeka napata kundi la kujivunia, mara moja kwa mwezi.

Tembo_Mikumi:
Mimi ni msomaji tu, huku Tanzania risasi hazitengenezwi sebuleni bila leseni. Lakini nimebeba bunduki za wageni miaka saba. Mgeni mmoja alikuja na .375 H&H, bunduki ya wanyama wakubwa, na risasi alizojaza mwenyewe, ndefu, nzuri, zinang'aa. Nyati yupo hatua arobaini, bolti ikagoma kufunga. Tulirudi nyuma kinyumenyume kama watu wanaotoka kwa mfalme. Zijaribuni nyumbani jamani.

Mzee_wa_Pongwe:
Tembo, umenichekesha ila ni kweli. Jaribu urefu kwa risasi bubu, isiyo na baruti wala fataki. Zenye uhai zipitishe kwenye magazini ukiwa uwanjani, mdomo wa mtutu ukiangalia kifusi. Si sebuleni.

Msukuma_Baridini:
Narudi na majibu. Tano tano kwa yadi 100, upepo kidogo kutoka kushoto:

2.830: inchi 1.7
2.805: inchi 1.2
2.780: inchi 1.1
2.755: inchi 1.9

Bolti nyepesi zote, fataki ziko duara. Nichukue 2.780?

Mzee_wa_Pongwe:
1.1 na 1.2 ni kitu kimoja, usinidanganye. Kaa katikati yao, 2.790 hivi. Raiflingi inaliwa na moto na kusogea mbele mwaka hadi mwaka. Ukiwa katikati una nafasi pande zote mbili. Sasa piga kumi kwa urefu huo, siku mbili tofauti, tano leo tano kesho, karatasi moja.

Msukuma_Baridini:
Kumi kwenye karatasi moja: inchi 1.5. Nilitegemea chini ya moja, nasema ukweli.

Mzee_wa_Pongwe:
Kulungu wako utampiga yadi ngapi?

Msukuma_Baridini:
Msitu wetu mnene. Mia na ishirini nikibahatika.

Mzee_wa_Pongwe:
Kwa mia na ishirini hiyo ni kama inchi mbili kasorobo. Sehemu ya moyo na mapafu ni sahani ya wali. Kaza nati ya presi, andika 2.790 na urefu wa begani kwenye kifuniko cha boksi, halafu zilizobaki ukazipige ukiwa umepiga goti, na koti lako la baridi mwilini. Shemeji usimpigie bado.